Mstari wa Pumba

Uwanja wa Mbwera ulikuwa jangwa. Hivyo ndivyo watu wa delta wanavyouita ule uwazi wa tope la chumvi nyuma ya mikoko, ambako hauoti hata unyasi. Siku za maji mafu bahari haiufikii kabisa. Siku za bamvua maji hupanda, huufunika mpaka vifundoni, kisha hurudi na kuuacha mweupe. Mtu mwenye akili angecheza mpira siku za maji mafu. Lakini wakata boriti hutoka ndani ya mikoko siku za bamvua tu, mitumbwi yao inapoweza kuelea na mzigo, na bila wakata boriti delta haikuwa na timu. Kwa hiyo mechi zote kubwa zilichezwa siku ambazo bahari nayo ilikuwa na safari yake.

Chokaa haionekani juu ya chumvi. Mistari ilichorwa kwa pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi. Na saa ya uwanja haikuwa saa. Kwenye kona ya upande wa mto kulikuwa na kigingi cha mkoko chenye alama iliyochongwa kwa panga. Maji yakiigusa alama, mechi imekwisha, hata kama mshambuliaji amebaki peke yake na golikipa. Nilipopewa filimbi nililipinga jambo hilo. Nilileta kitabu changu cha sheria za mpira, nikawasomea habari za dakika. Nahodha wa delta, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "saa yako ikisema bado na maji yakisema tayari, tutazama na nani?"

Nikakubali kigingi.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Uganda, nafundisha shule ya kati Kibiti. Waingereza walikuwa bado bomani na picha ya Malkia ilining'inia darasani mwangu juu ya ubao, imepinda kidogo, na nilikuwa nimeamua kutoinyoosha. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini watoto wa Rufiji wakariri majina ya mito ya Uingereza. Nilimuuliza shehe maswali ambayo mwishowe alinijibu kwa kunikaribisha chai. Mama yangu aliniambia siku moja, akichambua mchele, "Chuo hicho kilikufundisha majibu, mwanangu, au kilikupa maswali tu kikakurudisha?"

Lakini si kitabu kilichonipa filimbi. Nilipewa kwa sababu ya wazazi wangu. Baba alikuwa mtu wa milima ya kusini, wa wale walioshuka kulima Kibiti na Mtunda. Mama alikuwa mtu wa visiwa vya delta. Na watu wa milimani na watu wa delta ni watani. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo. Anaweza kukunyang'anya kofia msibani, au kuingia kwenye kaburi la baba yako na kulala humo akikataa kutoka mpaka apewe kuku. Hukasiriki. Unamrudishia neno kabla kicheko hakijakatika, na lako liwe kali kuliko lake. Ukikasirika, ndiyo umekiri. Mimi, kwa damu yangu, nilikuwa mtani wa pande zote mbili, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na haki sawa ya kunitukana. Wazee wa Kibiti na wa Mbwera walikubaliana kwamba hapatapatikana mwamuzi bora kuliko mimi. Mwaka uliofuata nikawa nachezesha kila mechi ya maana, kutoka Mtunda mpaka Maparoni, na kulipwa posho yangu kama refa wa mjini.

Swali moja tu sikuwahi kulitoa mdomoni.

Nilipenda wanaume. Nimeandika hivyo kwa sababu sikupata neno jingine la kuandika. Maneno yaliyokuwapo yalitengenezwa kwa kurushiwa watu, kama mawe: hanithi, na mengine mabaya kuliko hilo. Na lilikuwapo la kitabu cha sheria cha Mwingereza, kinyume cha maumbile, ambalo nyuma yake palikuwa na mlango wa gereza. Nililisoma chuoni, maktabani, nikiwa nimelifunika kwa kitabu cha historia. Nilijiuliza maumbile ya nani. Mkoko unaota mizizi yake juu, ikipumua hewani. Je, huo nao ushitakiwe? Hoja hiyo ilinifurahisha kwa wiki nzima. Kisha nikagundua kwamba hoja nzuri haimsaidii mtu anayesikia hatua nje ya dirisha.

Niliyempenda alikuwa golikipa wa delta. Siku za bamvua alikuwa mbeba boriti na mlinda lango wa kulipwa, maana tajiri wa boriti aliwatunza wachezaji wake na kuwapa kazi nyepesi. Siku nyingine alilima mpunga ng'ambo ya Maparoni pamoja na mama yake, mjane. Mpunga ukianza kutoa suke alihamia kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, ambamo mtu hukaa kutwa akifukuza ndege na nguruwe. Mimi nilikwenda huko siku zisizo za shule. Watu waliambiwa kwamba namfundisha kusoma, na kwa kweli nilimfundisha. Alikuwa mwanafunzi mbishi. Alitaka kujua kwa nini herufi zinatembea kutoka kushoto hapa na kutoka kulia chuoni kwa shehe, na ni nani aliyeamua. Nilikuwa nimekutana na mwenzangu.

Likijulikana, mimi ningepoteza filimbi na darasa, na huenda ningefungwa. Yeye angepoteza zaidi. Mimi ningeweza kukimbilia mji mwingine na cheti changu mfukoni. Yeye hakuwa na kitu kingine duniani ila delta, na mama yake, na lile lango la milingoti miwili ambalo watu walimwimbia nyimbo kwa ajili yake.

Asubuhi moja, tukiwa juu dunguni, mama yake alisimama chini katikati ya mpunga.

"We mwana! Ndege wameumaliza upande wote wa huku! Ulilala?"

"Silali, mama. Nasoma!"

Akageuza shingo, akalipuliza bega lake la kulia, taratibu, kama anayefukuza mbu. Bega hilo lilikuwa na sugu ya boriti, nene na ng'avu. Wabebaji wote hulipuliza bega mzigo unapowachoma, lakini yeye hakuwa na mzigo wowote asubuhi ile. Nilikumbuka kwamba nimeliona jambo hilo kabla: siku alipomwambia nahodha kwamba kidole chake kimepona, siku alipomwambia mama kwamba amekula.

"Ukisema uongo unapuliza bega," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

Alifikiri. Akajaribu kunidanganya jambo dogo, la ndege, huku akijizuia, na shingo ikaenda yenyewe. Tulicheka mpaka dungu likatikisika na mama akauliza kulikoni huko juu. Kisha akawa mtu wa makini ghafla.

"Basi hilo liwe lako," akasema. "Usimpe mtu."

Ilipojulikana kwamba kombe litaamuliwa Mbwera, kati ya delta na Kibiti, aliniomba nisichezeshe. "Sema unaumwa."

"Nikisema naumwa watauliza kwa nini nimeumwa mechi hiyo tu."

"Wewe ndiye unayeuliza hivyo. Watu wengine mtu akiumwa wanampa pole."

"Sitakupendelea," nikasema. "Najijua."

"Sihofii utanipendelea," akajibu, na hakusema alichohofia.

Nilichezesha. Sababu yangu niliipamba vizuri: kwamba haki haina macho, kwamba kama siwezi kumhukumu mtu ninayempenda basi sistahili kumhukumu mtu yeyote. Ukweli mwingine ni kwamba nilizoea kusikia umati ukinyamaza ninapoweka filimbi mdomoni. Kwa mtu anayeishi kwa kujificha, hiyo si raha ndogo.

Watu wa Kibiti na Mtunda walikuja kwa mitumbwi tangu asubuhi, wakiongozwa na fundi baiskeli wa Kibiti, mtu mrefu mwenye sauti ya kupasua nazi, ambaye alijifunga debe kiunoni na kulipiga kwa spana. Kazi yake siku za mechi ilikuwa utani. Hakuna aliyesalimika kwake. Mwaka uliotangulia alitangaza kwamba nahodha wa delta ni mfupi kwa sababu mama yake alimpimia kwenye pishi.

Siku ile alikuwapo pia Mzungu wa boma. Hakuwahi kuja kabla. Aliwekewa kiti chini ya mwavuli karibu na mstari wa kati, na pembeni yake alisimama karani wake mkalimani, kijana msafi wa kutoka bara ambaye hakuwa amemaliza mwezi kwetu. Karani alikuwa na viatu vyeupe na aliliangalia tope kwa uchungu.

Maji yalikuwa yamepwa mbali. Tulianza baada ya adhuhuri, jangwa likiwaka. Mapema tu delta walifunga, kisha Kibiti wakasawazisha kwa kona. Nilikimbia vizuri. Nilijihesabia kila uamuzi: huu nimeutoa kwa macho, huu nao kwa macho. Mara mpira ulipojazana mbele ya lango la delta nikasogea karibu, kama kitabu kinavyoagiza, na hapo ndipo debe lilipolia.

"Refa! Mtani wangu! Mbona golini kwa delta unakwenda mbio, kwetu unakwenda unajikokota? Umemfuata mkeo?"

Wakacheka. Fundi akaona limeota, akalimwagilia.

"Jamani, mwacheni! Bwana harusi huyo! Mkewe yuko golini, anaogopa tutamtoroshea!"

Jangwa zima lilicheka, delta na milima pamoja. Ulikuwa utani wa kawaida. Marefa wote waliotangulia waliozeshwa magolikipa, mbuzi, na mwamuzi mmoja aliozeshwa bendera ya kona. Nilipaswa kumrudishia pale pale. Ningeweza kumwambia kwamba mkewe mwenyewe ni baiskeli, na hata hiyo wateja huipanda. Nilikuwa nalo, lilikuwa hapa mdomoni. Lakini kwa kona ya jicho nilikuwa nimemwona karani akiinama sikioni mwa Mzungu, akitafsiri. Na nikamwona Mzungu akiacha kutabasamu.

Kicheko kilianza kupungua. Nilisimama na filimbi mkononi. Watu wakaanza kunitazama, maana mtani asiyejibu ni kitu kigeni, kama mtu asiyepokea mkono aliopewa.

Sauti ikatoka golini.

"We fundi! Mahari yenyewe hamjamaliza! Mlileta jogoo mwenye kikohozi, sasa mnataka kumwona bibi harusi? Kalete kuku wa maana!"

Walianguka kwa kicheko. Hata fundi alikubali kushindwa, akageuza debe kifudifudi. Golikipa alikuwa ameweka mkono kiunoni kama bi harusi na kuchezesha mabega, na umati ukampigia vigelegele. Aliniokoa. Lakini niliponyanyua macho, karani alikuwa akitafsiri hilo nalo.

Wakati wa mapumziko karani akanijia, akiruka madimbwi.

"Mwalimu, habari."

"Salama."

"Bwana anauliza kwa nini wanakuita mume wa golikipa."

"Ni utani."

"Nimemwambia hivyo. Anauliza utani ni nini."

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, makaburi na kuku na kofia. Alinisikiliza akinitazama usoni, si kwa ubaya, bali kama mtu anayekagua noti.

"Kwetu," akasema, "mtu akikwambia neno kama lile unampiga. Wewe hukumpiga, hukumjibu. Na yule alijibu kwa niaba yako." Akasafisha kiatu kimoja nyuma ya suruali. "Mimi ni mkalimani tu, mwalimu. Sisemi kitu. Lakini Bwana ametazama sana baada ya hapo. Na mambo hayo yana kifungu, wewe umesoma, unajua."

"Mwambie atazame mpira."

"Ndiyo anachotazama," karani akasema. "Anataka kuona utachezeshaje."

Kwa hiyo nilirudi uwanjani nikijua. Kila nitakachompa golikipa wa delta kingekuwa ushahidi. Na nilihisi kitu kibaya kikinitambaa: nilianza kutamani Kibiti wafunge bao safi, mapema, ili nisihitajiwe.

Hawakufunga. Maji yakaanza kurudi. Bamvua haiji na mawimbi kule; inachipua. Kwanza tope linang'aa, kisha unasikia nyayo za wachezaji zikibadilika sauti, kisha unatazama chini na kuna anga. Yalipofika kwenye mstari wa goli la delta, pumba nyeusi zikainuka. Zilikuwa zimetulia chini mchana kutwa; sasa mstari mzima ulielea, bado umeshikana, ukajipinda katikati kama kamba iliyolegezwa na kuanza kusafiri taratibu kuelekea ndani ya lango. Niliuona. Nilijua kwamba ningepaswa kusimamisha mchezo. Lakini alama ya kigingi ilikuwa bado haijaguswa, na kwa mujibu wa desturi niliyoikubali mwenyewe, mchezo ulikuwa hai.

Mshambuliaji wa Kibiti alipiga kutoka mbali. Mpira uliruka juu ya maji mara moja, mara mbili, ukatifua tope, na golikipa akajitupa. Mchezaji wa delta alinikatiza mbele. Nilipomkwepa, golikipa alikuwa amelala kifudifudi juu ya mpira katikati ya milingoti, maji yakimrukia kichwani. Alibingirika, akainuka na mpira kifuani, mbele ya milingoti.

"Goli!" wakapaza sauti Kibiti.

"Wapi!" wakapaza sauti delta. "Mstari huu hapa! Tazama mstari!"

Na mstari ulikuwa pale kweli, mweusi, ukielea hatua nzima nyuma ya milingoti, na kila mtu aliweza kuona kwamba mpira haukuufikia. Lakini mstari wa goli si pumba. Mstari wa goli ni kutoka mlingoti hadi mlingoti, hata pumba zikienda Mafia. Swali lilikuwa alipoushika mpira, ulikuwa mbele ya milingoti au nyuma yake. Na hilo sikuliona.

Nilikuwa na mazoea ambayo wachezaji walinicheka kwayo: nikiwa na shaka, nilimuuliza mchezaji mwenyewe. Mara nyingi walisema kweli. Mtu anaona haya kudanganya akiulizwa ana kwa ana mbele ya watu. Nilikwenda golini. Nyuma yangu debe lilikuwa limenyamaza. Karani alikuwa amesimama majini na viatu vyake vyeupe, na Mzungu amesimama pia.

"Golikipa. Mpira ulivuka?"

Alinitazama. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye kidevu.

"Haukuvuka, refa."

Na akageuza shingo, akalipuliza bega lake la kulia.

Nilipuliza filimbi na kuonyesha katikati: goli.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka nahodha wa delta akinijia kifua mbele, akionyesha pumba kwa mikono yote miwili. "Mwalimu! Mstari huu hapa, una macho? Uliona? Niambie kwa Mungu, uliona?"

"Niliona," nikasema.

Na nikajiuliza, hapo hapo, mimi ninaposema uongo napuliza nini.

Maji yaligusa alama ya kigingi kabla hawajaanza tena. Nikamaliza mechi. Kibiti walichukua kombe wakiwa wamezama mpaka vifundoni, wakilipitisha juu ya vichwa. Delta walisimama wamejikusanya, na kwa muda nilidhani nitapigwa. Ndipo fundi baiskeli aliponifikia, akanishika mkono akauinua juu, debe likining'inia.

"Jamani! Jamani, mtani wetu huyu si mchezo! Leo amempa mkewe talaka mbele ya watu! Talaka tatu, na mashahidi tupo!"

Kisha mtu mmoja wa delta akacheka, bila kutaka, na kicheko kikaenda kwa mwingine, mpaka hata nahodha mwenye kifua kama pipa akatikisa kichwa na kutema mate na kucheka. Hasira ikawa utani, kama inavyotakiwa. Nilimwona karani akiinama sikioni. Alitafsiri kwa muda mrefu. Na Mzungu akarudisha kichwa nyuma, akacheka kwa sauti, akapiga goti lake, akaenda kutafuta mtumbwi wake. Karani alipopita karibu nami aliniinamishia kichwa kama mtu anayefunga mlango polepole. Tulikuwa salama.

Golikipa peke yake hakucheka wala kujibu, ingawa neno la talaka lilikuwa lake kulijibu. Alikuwa amechuchumaa golini, akikusanya pumba kwa viganja na kuziacha ziende.

Nilikwenda Maparoni pindi nilipoweza. Nilipanda dungu bila kuita. Alikuwa ameketi akisuka kamba ya kufukuzia ndege, na aliisogeza miguu kunipisha, kwa adabu, kama unavyompisha mgeni.

"Hukuona," akasema.

"Milingoti ndiyo—"

"Sikuulizi milingoti. Nahodha alikuuliza uliona, ukasema uliona. Yule wa delta alikukatiza. Mimi nilikuwa chini, nilikutazama. Hukuona."

"Sikuona."

"Ulijuaje?"

Alijigusa bega.

"Nilikwambia usimpe mtu."

"Sikumpa mtu."

"Uliwapa Kibiti nzima."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu Mbwera. Nilimwambia kwamba mwamuzi hutumia kila anachokijua. Nilimwambia kwamba laiti ningenyamaza, ningekuwa nimesema uongo kwa ajili yake, na Mzungu yule angeuona, na sasa hivi tungekuwa hatuzungumzi humu bali tunazungumza kupitia ukuta wa boma. Nilizungumza vizuri. Alisubiri nimalize, kama nahodha alivyonisubiri siku ya kigingi.

"Mpira ulivuka," akasema. "Kiganja kizima."

"Basi nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi. Na ulikuwa umeogopa." Alikaza fundo la kamba kwa meno. "Wewe unauliza kila kitu. Niulizie hili. Ni lipi kati ya hayo mawili lililopuliza filimbi?"

Nimemaliza chuo kikuu. Nimebishana na mapadri, mashehe na maprofesa. Nilimtazama na sikuwa na kitu cha kumpa, na bado sina. Nikijaribu kuirudia dakika ile, naiona shingo ikigeuka na naona viatu vyeupe majini, na vyote viwili vimo pamoja, na sijui kipi kilitangulia.

Chini mpunga ulitikisika. Mama yake alikuja akipasua njia, kapu kichwani. Tangu kombe lipotee alikuwa amesema, na ujumbe ulinifikia mpaka Kibiti, kwamba mwalimu yule aliyemnyang'anya mwanawe kombe kwa sababu ya pumba asikanyage tena shambani kwake.

"We mwana! Nimeona mtumbwi mgeni umefungwa pale. Yule mwalimu yuko huko?"

Nilijibana kwenye ukuta wa makuti. Yeye alisimama, akaweka mikono kwenye ukingo wa dungu, akamtazama mama yake moja kwa moja.

"Hayupo, mama. Ni mtumbwi wa wavuvi."

Nilitazama shingo. Nilitazama bega, ile sugu nene. Havikusogea. Alisema uongo kama mtu anayetaja jina lake.

Mama aliguna, akaendelea na njia yake. Mwanawe aliketi tena akaokota kamba. Nilitaka kumuuliza alijifunza lini, na kwa siku ngapi, na kama iliuma. Badala yake niliuliza kitu kidogo.

"Bamvua ijayo nikija, utakuwapo?"

"Nitakuwapo," akasema.

Alinitazama machoni alipokuwa akisema hivyo. Bega lilikuwa limetulia kabisa. Nilishuka ngazi nikiwa nimelibeba jibu lake, nikapita kwenye mpunga mpaka mtumbwini, na njia nzima ya kurudi Kibiti sikuweza kujua kama lilikuwa la kweli.